Andiko la Kuku Mia Tano

Kila mhadhiri wa ujasiriamali katika vyuo vyetu anaujua mradi wa kuku. Unamfikia mezani mwisho wa muhula, umechapwa vizuri na kuwekewa jalada la plastiki, na ndani yake wamo kuku mia tano wa nyama ambao hawajawahi kuugua. Vifaranga wananunuliwa mia tano, kuku wanauzwa mia tano. Chakula hakipandi bei. Soko lipo kwa sababu wakazi wa eneo husika wanapenda kuku. Faida ya mwaka wa kwanza inajenga banda la pili, na mwaka wa tatu mradi unanunua Kirikuu ya kusambazia mzigo. Kwenye ukurasa wa vihatarishi kuna neno moja tu: ushindani.

Nimeyasoma mengi ya aina hii. Lililonakiliwa kwa mwanafunzi wa mwaka juzi hujulikana haraka, kwa kuwa bei ya mfuko wa chakula nayo ni ya mwaka juzi. Hata hivyo simlaumu aliyenakili. Amejibu swali aliloulizwa. Aliambiwa alete andiko, akaleta andiko. Kuku hakuna aliyemdai. Alama zinatolewa kwa mpangilio wa sura, kwa jedwali la mtiririko wa fedha linalojumlika, na kwa Kiingereza kilichonyooka. Andiko lenye vifaranga waliokufa lingeonekana ni la mtu asiyejiamini.

Kuku wenyewe wana habari nyingine. Vifaranga huja kwenye boksi la mia moja wakiwa na umri wa siku moja, na wiki ya kwanza yote ni ya kuhangaikia joto. Umeme ukikatika usiku na jiko la mkaa likawa limezimika, wanarundikana kona moja wakitafuta joto la wenzao, na asubuhi waliokuwa chini unawaokota kwa mkono. Siku ya saba ni chanjo ya kideri, ya kumi na nne gumboro, ya ishirini na moja kideri tena. Chupa ya chanjo ni ndogo na haiumizi sana mfuko, ila inatakiwa ikae kwenye ubaridi tangu duka la dawa za mifugo hadi bandani. Aliyeitia mfukoni akakaa nayo kwenye daladala saa nzima amewanywesha kuku maji matupu. Chakula kinameza zaidi ya nusu ya gharama zote. Kufikia wiki ya tano au ya sita kuku yuko tayari, na kuanzia hapo kila siku anayobaki bandani anakula faida. Mnunuzi analijua hilo kuliko mfugaji. Anakuja jioni, anachungulia bandani, anasema soko limejaa, anataja bei yake. Mhitimu asiye na friza wala mnunuzi wa pili atauza tu. Na kama alilenga Krismasi, atakuta kila mfugaji wa mtaa ule alilenga Krismasi hiyo hiyo.

Haya yote mtu huyajua kwa kufuga boksi moja mwanzo mpaka mwisho. Muhula wa chuo una wiki kama kumi na tano. Mizunguko miwili ya kuku ingetosha humo ndani, pamoja na wiki za kusafisha banda na kupulizia dawa, kisha andiko likaandikwa na mtu ambaye tayari ameshaokota vifaranga waliokufa. Swali la kwanza la sura hii ni kwa nini hatufanyi hivyo. Swali la pili ni gumu zaidi: hata tukifanya, ajira za wahitimu zitaongezeka?

Tuanze na foleni ya wahitimu wanaotafuta kazi, jinsi ilivyorefuka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na kitivo kimoja cha sheria chenye wanafunzi wasiofika ishirini. Msomi wa miaka ile hakutafuta kazi. Kazi ilikuwa inamtafuta yeye. Wizara zilimhitaji, mashirika ya umma yalimhitaji, na baada ya Azimio la Arusha benki zilizotaifishwa zikamhitaji pia. Mpango huo ulidumu maadamu serikali ilikuwa mwajiri wa karibu kila aliyesoma. Miaka ya themanini uchumi ukayumba, yakaja masharti ya wakopeshaji, mashirika yakauzwa au yakafa, watumishi wakapunguzwa. Kisha milango ya kuingilia ikafunguliwa wakati ile ya kutokea imebana: vyuo vikuu binafsi vikaruhusiwa, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukajaza shule za msingi kuanzia 2002, ule wa sekondari (MMES) ukaleta shule za kata, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi 2005, Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa 2007. Hatua zote hizo ninaziunga mkono. Mtoto wa mkulima wa Kishapu kufika chuo kikuu ni jambo jema hata kama hakuna ofisi inayomsubiri. Ila waliopanga idadi ya kuingia hawakukaa meza moja na waliopanga uchumi wa kuwapokea.

Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilikuwa na nafasi 70. Walioitwa kwenye usaili walizidi 10,000, ikabidi wakusanywe Uwanja wa Taifa, wakakaa kwenye viti vya mashabiki na vyeti vyao mapajani. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilitangaza nafasi 1,596. Maombi yakapita 135,000, yaani watu wapatao themanini na tano kwa kiti kimoja. Hao ni watu ambao wengi wao walishasoma somo la ujasiriamali na kulifaulu.

Kwenye mahafali, mbele ya watu wa namna hiyo, ndipo linapotoka lile neno: jiajirini. Mara nyingi msemaji ni mtu ambaye tangu atoke chuoni hajawahi kulala bila kujua mshahara wake unaingia tarehe ngapi.

Wazo lenyewe si geni. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Aliona shule iliyorithiwa kwa mkoloni inamtoa kijana kijijini bila kumpa mahali pengine, akataka kila shule iwe na shamba au karakana, izalishe, na wanafunzi washiriki katika kuamua mapato yatumikeje. Watu wengi wanakumbuka nusu ya kwanza ya wazo hilo. Shamba lilikuwepo, jembe lilikuwepo, na aliyechelewa namba asubuhi alipelekwa huko kama adhabu. Ile nusu ya pili, ya mwanafunzi wa kidato cha pili kukaa na daftari la mapato na kubishana na mwalimu kama mahindi yauzwe sasa au yasubiri Februari, ndiyo iliyopotea njiani. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo ilikuwa elimu. Kulima walishajua kwao. Jirani zetu Wakenya nao walipita njia inayofanana. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 ulileta useremala, ushonaji na sayansi kimu madarasani ili mhitimu aweze kujitegemea, mzigo wa kujenga karakana ukawaangukia wazazi, na masomo hayo yakapukutika moja baada ya jingine.

Miaka miwili kabla ya andiko la Mwalimu, mtafiti Philip Foster, aliyekuwa amefanya kazi Ghana, alichapisha hoja ambayo wapangaji wa elimu Afrika hawakuipenda. Alisema wanafunzi hawakimbilii elimu ya vitabuni kwa sababu mtaala umewapotosha. Wanaikimbilia kwa sababu mishahara na heshima viko upande huo, na wao wanajua kuhesabu. Ukibadilisha mtaala bila kugusa malipo, watasoma ufundi asubuhi na jioni wataandika barua ya kuomba ukarani. Hoja hiyo ilitoka 1965, na mpaka leo sijaona aliyeijibu vizuri.

Tuje kwenye somo lenyewe kama tunavyolijua sasa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kituo cha ujasiriamali mwaka 1999, vyuo vingine vikafuata, na siku hizi ni vigumu kumpata mhitimu wa fani yoyote, awe wa uuguzi au wa historia, ambaye hakupitia kozi hiyo. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilipata ushirika wa wahitimu wajasiriamali, SUGECO, unaowaweka vijana shambani na kwenye usindikaji. Mwaka 2024 mtaala mpya wa sekondari ukaanza na mkondo wa amali, na Elimu ya Biashara ikawa somo la lazima tangu kidato cha kwanza. Yaani tumeamua, kama taifa, kwamba jambo hili linafundishika na kwamba litasaidia. Tulipaswa kwanza kuuliza wenzetu waliolipima walipata nini.

Tunisia walilipima kwa njia ambayo ni vigumu kuipinga. Mwaka 2009 walianza kuwapa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa chuo kikuu nafasi ya kuhitimu kwa andiko la biashara badala ya tasnifu, wakapewa mafunzo na mshauri wa kuwaongoza. Walioomba walikuwa wengi kuliko nafasi, hivyo wakachaguliwa kwa bahati nasibu, na watafiti wakaweza kuwafuatilia waliopata na waliokosa. Waliopata walijiajiri zaidi, kwa tofauti ya pointi za asilimia kati ya moja na nne hivi. Lakini idadi ya waliokuwa na kazi ya aina yoyote haikubadilika. Walioingia kwenye biashara walikuwa ni wale wale ambao wangepata vibarua na ajira nyingine. Walipofuatiliwa tena miaka kadhaa baadaye, hata ile tofauti ndogo ilikuwa imeyeyuka.

Uholanzi, ambako hakuna anayeweza kusingizia ukosefu wa umeme, walipima programu maarufu ya wanafunzi wa chuo kuendesha kampuni ndogo kwa mwaka mzima. Matokeo yaliyochapishwa 2010 yalionyesha kwamba stadi za ujasiriamali hazikuongezeka kwa kiasi cha kuonekana, na hamu ya kuwa mjasiriamali ilishuka. Watu wengi husoma matokeo hayo kama kushindwa. Mimi nayaona ni mafanikio ya aina yake: vijana walionja, wakajua si chakula chao, wakageuka mapema badala ya kugeuka wakiwa na deni.

Kisha kuna utafiti wa hapa hapa kwetu, ambao ningependa kila anayepanga mtaala ausome kabla hajashika kalamu. Mwaka 2011 shirika la Femina lilirusha kwenye runinga kipindi cha Ruka Juu, ambapo vijana wenye biashara ndogo walishindana wiki hadi wiki. Kilikuwa kipindi kizuri, cha Kiswahili chetu, chenye watu wa kawaida. Watafiti wakachukua wanafunzi wa sekondari zaidi ya elfu mbili, kundi moja wakalihamasisha kukitazama, kisha wakalifuatilia na kulilinganisha na jingine. Waliokitazama wakawa na ndoto kubwa zaidi za biashara. Baadaye, matokeo yao ya shule yalishuka na wachache zaidi waliendelea na masomo, wakati ongezeko la kumiliki biashara kwa kweli halikuonekana. Yaani ndoto iliwavuta watoto kutoka darasani, na huko nje hapakuwa na kitu cha kuwapokea. Nilipousoma mara ya kwanza nilifikiria zile hotuba zote za kuwaambia vijana wa kidato cha tatu kwamba fulani hakusoma na sasa ni tajiri.

Msomaji asije akadhani nasema elimu hii haina kazi. Kituo kile kile cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kutoa mafunzo ya wiki ishirini na moja kwa wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya PRIDE, watu wenye genge, saluni, duka la nguo, na baadhi yao wakapewa pia ruzuku ndogo. Kwa wanaume mafunzo yalionyesha nguvu kwenye biashara zao, hasa yalipoambatana na ruzuku. Kwa wanawake matokeo yalikuwa hafifu, na sidhani kama jibu liko kwenye vichwa vyao. Mama mwenye saluni anafunga mapema kwa sababu kuna watoto wa kupokea na chakula cha kupika. Umfundishe mbinu za masoko mpaka usiku, saa zake za kufungua hazitaongezeka.

Jambo la kuzingatia hapo ni nani alikuwa anafundishwa. Hao walikuwa tayari wana biashara. Walipoambiwa watenge fedha ya duka na ya nyumbani, walijua ni droo gani inazungumzwa. Lomé, mji mkuu wa Togo, walifanya jaribio kubwa zaidi kwa wafanyabiashara wadogo 1,500. Theluthi moja walipewa mafunzo ya kawaida ya biashara: hesabu, masoko, usimamizi. Theluthi nyingine walipewa mafunzo ya kujituma, ambayo yanamzoeza mtu kuanzisha jambo kabla ya kuambiwa, kutafuta tofauti yake na jirani anayeuza kitu kile kile, kuona kikwazo kabla hakijafika na kutokata tamaa kikifika. Waliobaki hawakupewa kitu. Matokeo yalichapishwa 2017: faida ya kundi la kujituma ilipanda kwa asilimia 30, ya kundi la mafunzo ya kawaida kwa asilimia 11, kiwango ambacho kitakwimu hakikuweza kutofautishwa na bahati tu. Angalia mtaala wa kozi ya chuo chochote hapa nchini uniambie umefanana na kundi lipi.

Halafu pesa. Mabango ya mitaani hutuambia mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Nguvu hazilipi fremu ya miezi sita kwa mkupuo. Kaskazini mwa Uganda, mwaka 2008, serikali iliwapa vijana waliojiunga kwenye vikundi fedha taslimu zilizokaribia dola 400 kwa kila mmoja, wajifunze ufundi na kununua vifaa, bila kuwafuatafuata. Miaka minne baadaye kipato chao kilikuwa juu ya wenzao kwa asilimia 38. Baada ya miaka tisa wenzao walikuwa wamewafikia. Fedha ile iliwatanguliza, nao wengine wakaja kwa mwendo wao wa pole. Kumtanguliza kijana miaka kadhaa si jambo dogo, ila ni vizuri tujue ndicho tunachonunua.

Nigeria walikwenda mbali zaidi kwenye shindano lao la YouWiN la 2011. Washindi 1,200 walipata wastani wa karibu dola 50,000 kila mmoja. Miaka mitatu baadaye walikuwa wametengeneza ajira zipatazo 7,000, na walikuwa na nafasi kubwa zaidi kuliko waliokosa ya kufikisha wafanyakazi kumi au zaidi, kiwango ambacho biashara ndogo za Afrika hukifikia kwa nadra. Hapo ndipo ajira zinapoonekana. Aliyefuga kuku kwa faida amejiajiri, na hilo ni jema. Aliyeajiri kumi ameondoa kumi kwenye foleni. Sera zetu huwachanganya hao wawili kwa neno moja, mjasiriamali, kisha humpa wa kwanza mahubiri na wa pili makadirio ya kodi.

Chukua kijana aliyemaliza shahada ya biashara au ya kilimo, amerudi nyumbani Kahama au Tandahimba, ana wazo la kusindika karanga. Mzazi aliyeuza ng'ombe kumpeleka chuo anamwona anakaanga karanga uani. Hilo pekee linatosha kuwakimbiza wengi kurudi kwenye foleni, na hakuna mhadhara uliowahi kumwandaa mzazi. Karanga zikishakuwa nzuri, supamaketi inadai alama ya Shirika la Viwango (TBS) na msimbo wa bidhaa. TBS ina utaratibu wa kuwasaidia wadogo wanaopitia shirika la viwanda vidogo, SIDO, lakini wangapi waliwahi kuelezwa darasani kwamba SIDO ipo tangu 1973 na ofisi yake iko mkoani kwao? Wanaijua miundo ya ushindani kwa majina ya maprofesa wa Marekani. Hawajui waanzie dirisha gani.

Mtaji wa benki unataka dhamana, na dhamana ni hati ya nyumba ya baba. Iko mikopo isiyo na riba ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Sheria ilizibana halmashauri kuitenga tangu 2018, mikopo ikasimamishwa 2023 kutokana na vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, ikarejea 2024 kwa utaratibu mpya. Ni fedha nzuri, ila inataka kikundi. Kwa hiyo vijana ambao hawajawahi kufanya kazi pamoja wanaandikiana katiba ya kikundi jioni moja, wanachaguana mwenyekiti na mweka hazina, wanaleta andiko (la kuku, bila shaka), na fedha ikifika wanagawana kila mtu na hamsini zake. Waliobaki wanaishia kwenye mkopo wa simu, na baada ya huo kwenye kausha damu, ambako mtaji unarudishwa kwa wiki na biashara haijatimiza mwezi. Wakati huo huo mhitimu anadaiwa na Bodi ya Mikopo. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, na ni makato yanayouma lakini yanajulikana. Aliyejiajiri ana kipato cha kupanda na kushuka, anaiona namba ya deni kwenye akaunti yake na hajui ni mwezi gani ataweza. Mwaka 2021 tozo ya kulinda thamani ya mkopo na faini ya kuchelewa viliondolewa, nafuu kubwa kwa kweli. Bado hatujawahi kuuliza kwa uzito kama mhitimu aliyeajiri watu watatu angestahili kupumzishwa marejesho kwa miaka miwili mitatu. Mimi ningempumzisha. Serikali ingepata zaidi kwenye kodi za hao watatu.

Kwa hiyo nikiulizwa kama elimu ya ujasiriamali inapunguza ukosefu wa ajira kwa wahitimu, jibu langu ni kwamba peke yake haipunguzi, na anayeiuza kama dawa ya foleni anamsogezea kijana lawama ambayo ni ya uchumi. Watu 85 wakigombea kiti kimoja cha TRA, tatizo haliko kwenye mtazamo wa hao 84. Mnunuzi wa kuku anahitaji mshahara ili anunue kuku. Mtaa wenye wahitimu kumi wasio na kipato, wote wakafungua uwakala wa pesa za mtandao, unabaki na vibanda kumi na wateja wale wale.

Lakini kuifuta kozi kwa sababu hiyo ni kosa jingine. Kwanza, mambo mengi mazuri inayoweza kufundisha yanamfaa hata atakayeajiriwa: kuzungumza bei bila aibu, kutunza kumbukumbu, kukubali kukataliwa asubuhi na kurudi mchana na pendekezo jingine. Pili, wachache wanaoweza kuajiri kumi wako humo darasani, nasi hatuna namna ya kuwatambua kwa mtihani wa maandishi. Kwa kawaida mwenye kipaji hicho ndiye anayewauzia wenzake vocha na chapati bwenini, anafika kipindini amechelewa, na anapata C.

Nikisema somo lifundishwe kwa kuuza, wahadhiri wenzangu hujibu kwamba darasa lina wanafunzi mia nne. Ni kweli. Wagawe watano watano, una vikundi themanini. Kila kikundi kipewe shilingi elfu hamsini wiki ya pili ya muhula. Jumla ni milioni nne, pesa ambayo warsha moja ya siku mbili yenye posho huimaliza kabla ya chakula cha mchana cha siku ya pili. Wauze chochote kilicho halali kwa watu wasio wanafunzi wala ndugu zao. Wiki ya kumi na tatu warudishe mtaji ili utumike na darasa la mwaka unaofuata. Hawatasimamiwa na mhadhiri peke yake: mama anayeuza mbogamboga kwa jumla Mabibo na kijana mwenye duka la vipuri Kariakoo waitwe kama wakufunzi na walipwe kwa saa kama mkufunzi mwingine yeyote, hata kama hawana shahada, na kanuni za chuo zinazokataza hilo zibadilishwe.

Ugumu utakuja kwenye alama. Tukitoa alama kwa faida, watoto wenye wajomba wenye maduka watashinda, na wengine wataleta faida waliyotumiwa na dada kwa simu. Ningetoa alama kwa daftari: kila siku kimeingia nini, kimetoka nini, nani alikopa, nini kiliharibika, uamuzi gani ulibadilishwa na kwa sababu gani. Kikundi kilichopoteza elfu thelathini, daftari likaonyesha ilipotelea kwenye nyanya zilizooza kwa kusubiri usafiri, na wiki iliyofuata wakahamia kwenye vitunguu, kinastahili A. Kilicholeta faida bila daftari kirudie somo.